Badilisheni Chuma, Msifute Kumbukumbu

Mwezi uliopita alinijia rafiki yangu wa siku nyingi, mkulima wa mkoa wa Tanga, akiwa na bahasha mkononi na hasira usoni. Ndani ya bahasha mlikuwa na kipande kipya cha chuma cheusi, kirefu kuliko kiganja changu, kilichokunjwa katikati kikafanya pete. Akaniambia kuwa hiyo ndiyo kinga ya kifyatuo, yaani ile pete iliyo chini ya bunduki ambayo kidole hupita ndani yake kukifikia kifyatuo, na ambayo huzuia kijiti, kamba au mkunjo wa nguo usikivute kwa bahati mbaya. Alikuwa ameiagiza ng'ambo, kwa kibali na kwa gharama, ili aifunge kwenye bunduki aliyoirithi kwa marehemu baba yake. Fundi mwenye leseni aliijaribu, akatikisa kichwa, akamrudishia.

"Mwalimu," aliniuliza, "wewe ndiye unayetuchosha kila siku na habari za vita vya wakoloni. Hebu nieleze, bunduki moja ina kinga ngapi?"

Nilicheka, kwa kuwa swali lake lilikuwa la fundi na mimi ni mtu wa chaki. Lakini nilipofika kwake nikaiona hiyo bunduki, nikatambua kwamba swali lile lilikuwa langu kabisa, na kwamba linatuhusu wengi zaidi ya wale wachache wanaomiliki silaha. Ndiyo sababu ya makala haya.

Bunduki yenyewe ni Lee-Enfield Namba 4, inayotumia risasi za .303. Ni kizazi cha mwisho cha ukoo ulioanza mwaka 1895, pale Waingereza walipounganisha mtambo wa komeo uliobuniwa na James Paris Lee na mtutu uliobuniwa katika kiwanda cha serikali cha Enfield. Ukoo huo ulipigana Vita Kuu zote mbili, na hapa kwetu ulibebwa mabegani na askari wa King's African Rifles, jeshi ambalo wazee wetu waliliita Keya. Ubavuni mwa bunduki ya rafiki yangu pamepigwa muhuri wa maneno ya Kiingereza yanayosema kuwa ni mali ya Marekani. Si ajabu. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, kampuni ya Savage huko Chicopee Falls, Massachusetts, ilitengeneza zaidi ya milioni moja za aina hii kwa ajili ya Waingereza, chini ya mpango wa kukopesha silaha ulioidhinishwa mwaka 1941. Nyingine zilitengenezwa Uingereza kwenyewe, na nyingine katika kiwanda cha Long Branch, karibu na Toronto, Kanada.

Kinga ya kifyatuo ya bunduki hii, ile ya zamani, ilikuwa na herufi ndogo mbili: LB. Hizo ni herufi za Long Branch. Basi bunduki ilizaliwa Marekani ikavishwa kiungo cha Kanada, pengine na fundi wa jeshi aliyekuwa na sanduku la vipuri mbele yake na safu ya bunduki mbovu nyuma yake. Kabla haijafika Tanga, ilikwisha kubadilishwa kipande hicho hicho mara moja.

Sasa nilijibu swali la rafiki yangu. Katika bunduki nyingi za kijeshi, kifyatuo hushikwa na mwili wa bunduki, na kinga huwa ni uzio tu. Katika Lee-Enfield za zamani sivyo. Kifyatuo kimetundikwa kwenye kinga yenyewe kwa pini ndogo, na kinga imekazwa kwa skrubu dhidi ya mti wa bunduki. Mti ukivimba wakati wa masika au ukisinyaa wakati wa kiangazi, kinga husogea kidogo, na kifyatuo husogea pamoja nayo. Askari alifundishwa kuvuta mara mbili: mvuto wa kwanza mwepesi, wa kukiandaa kifyatuo, na wa pili mzito, wa kuitoa risasi. Kinga ikisogea, mivuto hiyo miwili huchanganyika, na mwenye bunduki hajui tena risasi itatoka wakati gani. Waingereza waliliona tatizo hili, na mwaka 1949 wakatoa toleo la pili la Namba 4 ambalo kifyatuo chake kimehamishiwa kwenye mwili wa bunduki. Kinga ya toleo hilo haina mahali pa kutundika kifyatuo. Rafiki yangu alikuwa amenunua kinga ya mwaka 1949 kwa ajili ya bunduki ya miaka ya vita. Kwa macho ni mapacha. Kwa kazi hazijuani.

Nikamuuliza kwa nini alitaka kuibadilisha ile ya zamani. Akanionyesha. Ilikuwa imevimba upande wa chini kama shavu la mtu mwenye jino bovu, na juu ya uvimbe palionekana alama za nyundo. Kule kupinda kulikuwa kumevuta matundu ya skrubu, kinga haikai sawasawa, na mvuto wa kwanza ulikuwa umepotea kabisa. Fundi alikuwa amemwonya kwamba bunduki katika hali ile ni hatari kwa aliye nyuma yake kama ilivyo kwa aliye mbele yake.

"Baba aliuziwa mtumba," rafiki yangu akasema, "akauziwa na kilema chake."

Tulikuwa barazani. Shangazi yake, dada wa marehemu, alikuwa pembeni akichambua mchicha. Hakuinua hata kichwa. "Nani kakwambia ilikuja na kilema?" akasema. "Kilema kilikuwa cha baba yako."

Ndipo tulipopata habari ambayo mwana wa marehemu, mtu wa miaka zaidi ya sitini, hakuwahi kuisikia. Baba yake alianza kazi akiwa kijana katika shamba la mkonge. Siku moja, kwenye korona, ile mashine ya kukwangua majani ya mkonge ili kutoa nyuzi, alipondwa kidole cha shahada cha mkono wa kulia. Kidole kilipona kwa kupinda, na kifundo chake kikabaki kimevimba. Hakulipwa fidia yoyote. Alihamishiwa ulinzi, akaambiwa ashukuru kwamba bado ana kazi. Alipopewa bunduki ya msimamizi wa shamba, kidole kile hakikuingia kwenye pete. Basi mhunzi wa kijijini akaifungua kinga, akaipasha moto, akaipanua kwa nyundo mpaka kidole kikapita. Baada ya Uhuru, msimamizi alipokuwa akirejea kwao, alimuuzia mlinzi wake bunduki ile kwa njia halali. Shangazi alitoa na sababu: hapakuwa na mtu mwingine ambaye ingemkaa mkononi.

Niliuliza kama kuna karatasi yoyote: cheti cha kazi, barua ya zahanati, hati ya malipo. Hakuna hata moja. Mwajiri yule hayupo tena, na kama aliwahi kuwa na daftari la walioumia, halijulikani liliko. Ushahidi pekee uliobaki kwamba mtu yule aliumia kazini, na kwamba aliendelea kufanya kazi na kulea watoto kwa mkono ule ulioumia, ni uvimbe wa chuma chini ya bunduki. Na mwanawe, bila kujua, alikuwa ameazimia kuutupa kwenye vyuma chakavu.

Ndugu msomaji, sitaki nieleweke vibaya. Sisemi kwamba kinga ile ingeachwa mahali pake. Historia ya kipande hiki cha bunduki, popote ulimwenguni, ni historia ya kubadilishwa. Wamarekani walikuwa na bunduki ya Springfield ya mwaka 1903 ambayo kinga yake ilichongwa kutoka katika chuma kizima. Mwaka 1942, vita vilipodai bunduki nyingi kwa haraka, wakatoa toleo ambalo kinga yake ni bati nene lililokandamizwa kwa mashine. Wajerumani nao walifanya vivyo hivyo kwenye Mauser zao katika miezi ya mwisho ya vita ile. Yeyote anayeziweka kinga hizo mbili za Kijerumani mezani, ya mwanzo wa vita na ya mwisho wake, hahitaji kuambiwa nani alikuwa akishindwa. Na baridi ya upande wa mashariki ilipowafanya askari washindwe kupiga bunduki wakiwa wamevaa glavu nene, Wajerumani hao hao walibuni kifaa cha kufunga juu ya kinga, chenye mkono mdogo wa nje, ili mtu afyatue bila kuingiza kidole ndani ya pete. Wamarekani, kwa sababu hiyo hiyo ya baridi, baadaye waliitengeneza M16 yao kwa namna ambayo sehemu ya chini ya kinga inaweza kufunguliwa ikaning'inia.

Vita vilipokwisha, bunduki hizi ziliuzwa kwa bei rahisi, na raia wa Marekani na Uingereza wakazigeuza kuwa za kuwindia. Walikata mti, wakang'oa vishikio vya singe, na kwenye Mauser wakaondoa kinga nzito ya kijeshi wakaweka nyepesi ya aluminiamu yenye kifuniko cha bawaba cha kutolea risasi. Kampuni ya Parker-Hale ya Birmingham ilijulikana kwa kazi ya namna hiyo juu ya Lee-Enfield. Leo wajukuu wa watu wale wanahangaika kutafuta vile vipande vilivyotupwa, wakivinunua kwa bei ya juu, ili kuzirudisha bunduki katika hali yake ya zamani. Hangaiko lao lina mantiki. Mauser ya Kijerumani ilipigwa namba karibu katika kila kiungo chake, pamoja na kinga, kifuniko cha chini na hata skrubu. Ukiondoa kiungo kimoja, umechana ukurasa mmoja wa kitabu ambacho kurasa zake zina namba.

Sasa mtazame mhunzi wetu. Alikabiliwa na tatizo lile lile lililowakabili wahandisi wa Kijerumani: kidole kisichoingia kwenye pete. Wao walikuwa na glavu, yeye alikuwa na kifundo kilichovimba. Nao na yeye walipata jibu. Tofauti ni kwamba jibu lao limechorwa, limeandikwa, limewekwa katika vitabu na makumbusho, na mimi nimeweza kulisoma nikiwa mezani kwangu maelfu ya kilomita kutoka kule lilikobuniwa. Jibu la mhunzi lilihifadhiwa katika kichwa cha bibi mmoja aliyekuwa akichambua mchicha, naye hakuwahi kuulizwa.

Hapa ndipo ninapotaka kufika. Kubadilisha si kosa. Kosa ni kubadilisha bila kuandika, na sisi tumelizoea kosa hilo mpaka tunalihesabu kuwa ndiyo desturi yetu.

Katikati ya Dar es Salaam imesimama sanamu ya Askari, iliyowekwa mwaka 1927, ikiwa imeinua bunduki yenye singe. Mahali pale palikuwa na sanamu ya Hermann von Wissmann, gavana wa Kijerumani, ambayo Waingereza waliing'oa na kuichukua baada ya kuuteka mji mwaka 1916. Kwa hiyo hata pale kipande kilibadilishwa, na tunajua kwa sababu waliobadilisha waliandika. Lakini askari yule wa shaba ni nani? Hana jina. Anasimama kwa niaba ya wengi ambao majina yao hayakuchongwa popote. Mwaka 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilichapisha ripoti ikikiri kwamba watu kati ya 45,000 na 54,000, wengi wao kutoka India, Afrika Mashariki na Magharibi, Misri na Somalia, walikumbukwa kwa namna isiyo sawa na wenzao wa Vita Kuu ya Kwanza. Na kwamba wengine wasiopungua 116,000, na huenda wakafika 350,000, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Miongoni mwa hao ni wapagazi. Tunakwenda Kariakoo kununua vipuri vya kila aina, na wengi wetu hatukumbuki kwamba jina lile limetokana na kikosi cha wapagazi waliobeba vita mgongoni.

Linganisha na bunduki zenyewe. Lee-Enfield nyingi za Vita Kuu ya Kwanza zilikuwa na kisahani cha shaba kitakoni, mahali pa kuandika kikosi na namba ya bunduki katika kikosi hicho. Silaha ilikuwa na anwani. Ndiyo maana tunaweza kuifuata safari yake. Katika mapigano ya Tanga, Novemba 1914, jeshi lililoletwa kutoka India lilishindwa, likaacha nyuma mamia ya bunduki na risasi nyingi. Makampuni mengi ya askari wa Kijerumani wakati ule bado yalikuwa na Mauser za mwaka 1871, ambazo baruti yake ilitoa moshi mkubwa uliomfichua mpigaji kila alipopiga. Bunduki zilizotekwa Tanga zikawa neema kwao. Na Lettow-Vorbeck alipojisalimisha Abercorn, ambayo leo ni Mbala nchini Zambia, tarehe 25 Novemba 1918, bunduki zilizokabidhiwa na askari wake zilikuwa karibu zote za Kiingereza na za Kireno. Chuma kilihama kutoka jeshi hadi jeshi, na mihuri yake ikabaki ikisema kilikotoka. Aliyekibebea risasi zake alihama pia, akafa njiani, na mara nyingi hakuna jiwe linalosema alikuwa nani.

Vitabu vingi vya vita ile husimulia kisa cha Mwanza. Inaelezwa kwamba mwaka 1964 bunge la Ujerumani Magharibi liliamua kuwalipa malimbikizo askari wa zamani waliokuwa bado hai, na mamia ya wazee wakajitokeza. Wachache tu ndio waliokuwa na vyeti vyao. Mlipaji alipokosa la kufanya, akamkabidhi kila mzee ufagio, akaamrisha kwa Kijerumani zile amri za kushika bunduki, na inasemekana hakuna hata mmoja aliyekosea. Husimuliwa kama kichekesho. Mimi hunihuzunisha. Mtu ametumika, ameumia, amezeeka, na mwishowe analazimika kuuthibitisha utumishi wake kwa ufagio, kwa sababu aliyemtumikisha alipaswa kumtunzia karatasi na hakumtunzia. Baba wa rafiki yangu hata ufagio hakupewa.

Najua hoja zitakazoletwa dhidi yangu, na nyingine nimekwisha kuzisikia kutoka kwa wanafunzi wangu.

Ya kwanza ni kwamba bunduki ni chombo cha kuua, na hii hasa ni chombo cha mkoloni. Kuitunza ni kuitukuza. Naiheshimu hoja hii kwa sababu inatoka katika uchungu wa kweli. Lakini kutunza ushahidi si kutukuza. Wapiganaji wa Mau Mau walitengeneza bunduki zao porini kwa mabomba ya maji, makomeo ya milango na mipira ya kukazia. Baadhi ya bunduki hizo zimo katika makumbusho ya London hivi leo. Ziko kule kwa sababu askari waliozikamata waliona zina maana, wakazihifadhi. Je, tufurahie kwamba adui alijua thamani ya kazi ya mikono yetu kabla yetu?

Ya pili ni ya usalama. Bunduki mbovu itengenezwe, mengine ni hadithi. Katika hili sina ubishi hata kidogo. Kinga iliyobeba kifyatuo ikilegea, kuiacha kwa ajili ya historia ni upumbavu unaoweza kuua mtu, na hakuna kumbukumbu iliyo ghali kuliko uhai. Ibadilishwe, na ibadilishwe na fundi mwenye leseni, kwa kinga ya toleo lililo sahihi. Nilimwambia rafiki yangu hivyo hivyo, tena mbele ya shangazi yake.

Ya tatu ndiyo nzito zaidi, nayo inasema: sisi ni watu wa masimulizi, hatuhitaji kuandika kila kitu. Ingekuwa kweli, ningenyamaza. Lakini masimulizi yanataka msimuliaji na msikilizaji, na katika nyumba ile msikilizaji alikuwa hajawahi kuuliza kwa zaidi ya miaka sitini. Laiti kinga ile mpya ingeingia siku ya kwanza, ya zamani ingekuwa imekwenda, na shangazi asingekuwa na sababu ya kufungua kinywa.

Basi tufanye nini? Nina mambo matatu, na yote ni ya gharama ndogo.

Kwanza, mafundi. Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 hapa Tanzania inashughulikia nani anamiliki silaha na nani anaruhusiwa kuitengeneza, na Itifaki ya Nairobi ya mwaka 2004 inazitaka nchi za ukanda wetu ziwekee silaha alama na kutunza kumbukumbu zake. Ni mambo mema, lakini jicho la dola liko kwenye namba ya bunduki, kwa kuwa shabaha yake ni kuzuia uhalifu. Halitazami kipande kilichotolewa. Fundi anayebadilisha kiungo cha silaha ya zamani amrudishie mwenyewe kiungo kile cha awali, pamoja na karatasi inayosema nini kimetolewa, kilikuwa na alama gani, na kwa nini kimetolewa. Daktari akikung'oa jino, husahau mapema. Akikukata mguu, huandika. Kwa bunduki ya miaka themanini kila kiungo ni mguu.

Pili, serikali. Mara kwa mara Jeshi la Polisi hutangaza kipindi cha kusalimisha silaha kwa hiari, na silaha zilizokusanywa huishia kuteketezwa. Nchi jirani hufanya vivyo hivyo: Novemba 2016 Kenya ilichoma bunduki 5,250 huko Ngong. Timbuktu, nchini Mali, mwaka 1996, zilichomwa karibu 3,000 katika moto ulioitwa Mwali wa Amani. Ninaunga mkono moto huo kwa moyo wote. Bunduki haramu haina haki ya kuendelea kuwapo. Ninachoomba ni siku mbili kabla ya kiberiti. Waitwe watu wa makumbusho na wa idara za historia za vyuo vyetu, chini ya macho ya polisi, wapige picha mihuri, waandike namba, watazame marekebisho. Magobore mengi yanayosalimishwa yametengenezwa na wahunzi wetu wenyewe, na kila moja lina jibu la mhunzi fulani kwa tatizo fulani. Machache yaliyo bora yaondolewe uwezo wa kufyatua, yahifadhiwe. Mengine yote yachomwe. Hatutakuwa tumepunguza amani hata kwa chembe.

Tatu, sisi wenyewe, na hapa siwazungumzii wenye bunduki peke yao. Ni nyumba ngapi zina cherehani iliyounganishwa mguu, baiskeli iliyochomewa fremu, jembe lililofupishwa mpini kwa ajili ya mtu fulani aliyekuwa na sababu fulani? Tunapopata fedha, tunanunua kipya, tunatupa cha zamani, na pamoja nacho tunatupa sababu. Halafu tunalalamika kwamba historia yetu imeandikwa na wageni. Wageni waliandika walichokiona. Sisi tulichokiona tumekipeleka kwa mnunuzi wa vyuma chakavu, tena kwa kilo.

Wasomi tunabeba sehemu kubwa ya lawama hii. Mimi nimefundisha habari za mashamba ya mkonge kwa miaka mingi, nikiwapa wanafunzi bei za soko la dunia na idadi ya tani. Sikuwahi kuwatuma hata mara moja wakaulize vidole vya watu viliishia wapi. Tunangoja nyaraka zitufikie, na tukizikosa tunaandika kwamba ushahidi haupo. Ushahidi upo, ila haukuandikwa kwa wino.

Rafiki yangu alipata kinga ya toleo lililo sahihi, nayo si mpya wala haing'ai, ni kuukuu kama bunduki yenyewe. Fundi aliifunga, akaijaribu, mivuto miwili ikarudi. Ile iliyopinda ilirejeshwa nyumbani ikiwa imefungwa kwenye kitambaa. Rafiki yangu akaniletea daftari la shule na kalamu, akaniomba niandike maelezo yake, kwa kuwa mimi ni mtu wa kalamu. Nikakataa. Nilimwambia kwamba hilo ni lake, na kwamba mwandiko wake mbaya utakuwa na thamani kuliko wangu mzuri.

Aliandika ukurasa mmoja na nusu. Shangazi alikuwa pembeni, akamsahihisha mara mbili. Mwaka wa ajali hawakuukumbuka, wakaandika "kabla ya Uhuru, mwaka wa mvua nyingi." Jina la mhunzi nalo halikupatikana, wakaacha nafasi. Siku tatu baadaye rafiki yangu alinipigia simu usiku. Shangazi alikuwa amelikumbuka, akamwamsha alijaze.